Nyama ya Udhiya na Namba Tuliyoiamini

Bibi yule alifika kwenye ofisi ya kamati siku ya tano baada ya Idd, akaketi kwenye benchi la nje mpaka watu wote walipoondoka. Kisha akaingia, akafungua kanga, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka juu ya meza yetu bila kukifungua. Hapakuwa na haja ya kukifungua, kwa kuwa harufu ilikwisha kujieleza. Akasema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, mwanangu, sikuja kulalamika. Nimekuja kwa sababu najua mmegawa na kwa wengine." Akaaga, akaondoka kuwahi gari la Muheza.

Ilikuwa Idd ya kuchinja ya mwaka 1445 Hijria, na ndani ya kifurushi kile mlikuwa na nyama ya udhiya tuliyoibanika sisi wenyewe, katika kabati letu la moshi la umeme, nyuma ya msikiti. Katika daftari la ugawaji, kwa mwandiko wetu, iliandikwa: imebanikwa nyuzi 110, saa sita, imekaguliwa. Wasomaji wa ukurasa huu wa familia watatuwia radhi ikiwa makala ya leo itazungumza zaidi juu ya waya na vipimajoto kuliko ilivyo desturi ya ukurasa. Hatukupata njia nyingine ya kuieleza habari hii.

Kwanza, sababu ya kuwa na kabati hilo. Kila mwaka waumini hukabidhi wanyama wao kwa kamati, na nyama hugawanywa siku ile ile kwa majirani, kwa mayatima na kwa wenye udhiya wenyewe. Fungu lililotusumbua miaka yote ni la wazee walioko vijijini nyuma ya Muheza. Wengi wao hawana jokofu, na baadhi ya njia zao hazipitiki mvua ikinyesha. Nyama mbichi haiwezi kuwangoja. Ndipo katika kikao kimoja mjumbe kijana akasema: kwa nini tusiikaushe?

Rai hiyo haikuwa ngeni. Siku tatu zinazofuata Idd zinaitwa siku za Tashriq, na wanazuoni wa lugha wametaja kuwa jina hilo limetokana na desturi ya kukata nyama vipande na kuianika juani. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuwazuia Maswahaba wasiweke nyama ya udhiya kupita siku tatu, kwa ajili ya mafukara wa mashambani walioingia Madina wakati ule. Baadaye akawaruhusu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Hata hivyo mzee mmoja wa kamati, ambaye hukumbuka masomo yake kuliko sisi tuliotoka chuoni juzi, alituzuia tusikimbie. Alitukumbusha kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii ile sehemu ambayo ni lazima itolewe kwa mafukara hutolewa ikiwa mbichi, si iliyopikwa wala iliyokaushwa. Basi tukapanga kuwa mafukara wa hapa mjini wapewe mbichi kwanza kutoka kwa kila mnyama, na kinachobaki ndicho kibanikwe kwa ajili ya safari.

Kabati tulitengenezewa na fundi wa madirisha ya chuma. Lilikuwa sanduku la bati jeusi lenye kuta mbili, katikati mmejazwa pamba ya kioo, lina rafu nne za wavu na bomba la moshi juu. Chini fundi alifunga koili ya umeme ya wati 1500 na thamostati iliyotolewa katika oveni kuukuu. Thamostati ile ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye namba kutoka 50 hadi 250. Tulizungusha mpaka karibu na 110, tukatia vipande vya kuni za mwembe katika sinia juu ya koili, moshi ukatoka, tukashukuru. Hakuna aliyeuliza ile namba iliyochorwa kwenye swichi ilijuaje joto la rafu ya juu.

Baada ya bibi yule kuondoka tulipiga simu kwa kila aliyeandikwa katika daftari. Alhamdulillahi, hakuna aliyekuwa ameugua. Watu wa vijijini wanaijua nyama iliyooza, nao walikuwa wameitupa au kuwapa mbwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametupigia simu. Walituonea haya sisi.

Katika safu ya kwanza ya msikiti wetu huswali mzee aliyestaafu ufundi wa majokofu na viyoyozi. Tulimwendea. Hakutaka maelezo mengi. Alikuja na kipimajoto chenye waya mbili ndefu, akaning'iniza ncha moja rafu ya chini na nyingine rafu ya juu, akawasha kabati likiwa tupu, akatupa kalamu. "Andika kila dakika tano, katibu. Kazi yako si kuandika?" Tukaandika kwa saa mbili. Swichi ikiwa kwenye 110, rafu ya chini ilipanda hadi 131 na kushuka hadi 96, ikapanda tena, ikashuka tena, kama mtu anayebembea. Rafu ya juu haikuvuka 79, na mara nyingine ilikuwa 61. Sisi tulikuwa tumepanga mapande makubwa kama ngumi kwenye rafu zote nne na kuyahesabu yote kuwa yamekaa katika nyuzi 110.

Mzee alitueleza chanzo. Kichwa cha thamostati ni kijiti cha shaba chenye kimiminika kinachotanuka. Kikipata joto husukuma swichi na kukata umeme, kikipoa huurudisha. Kina majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Tena fundi wetu alikuwa amekifunga karibu na koili, kwa hiyo kilikuwa kinapima joto lake mwenyewe na kukata umeme kabla rafu za juu hazijapata kitu. Katika oveni ya kuoka mkate kasoro hiyo husamehewa. Kwa nyama inayotakiwa kuishi siku kumi bila jokofu haisameheki.

Jambo ambalo hatukulijua, na ambalo tungependa kila familia inayobanika nyama ilijue, ni kwamba moshi peke yake hauhifadhi nyama. Moshi husaidia kidogo, huleta harufu na rangi, lakini kinachoiweka nyama ni ukavu na chumvi. Vijidudu hustawi zaidi kati ya nyuzi 5 na 60, na nyama ya kukaushwa ikikaa katika joto la vuguvugu kwa saa nyingi huwa tumeviwekea shamba. Njia iliyo salama ni kukata nyama mikanda myembamba badala ya mapande, kuitia chumvi, kuipandisha joto mpaka kati yake ifike nyuzi 71, ndipo ikaushwe taratibu karibu na nyuzi 60 mpaka mkanda ukunjwe upasuke bila kukatika. Hapo kwenye 60 ndipo penye mtihani. Joto likibembea hadi 40, vijidudu vilivyobaki hupata nafasi. Likirukia 85, ngozi ya nje hukauka upesi na kuwa gamba, maji yakafungiwa ndani, na nyama ikaonekana kavu kwa jicho huku katikati ni mbichi. Thamostati yetu ilikuwa inafanya yote mawili, kwa zamu.

Mzee akashauri tufunge kidhibiti joto cha kielektroniki. Kikao cha kamati juu ya jambo hilo kilikuwa kirefu kuliko vikao vya kuezeka paa. Vifaa vyote, kidhibiti, kihisio na rilei, vilikuwa shilingi 95,000. Mjumbe mmoja alipendekeza tuuze ngozi za wanyama wa udhiya tufidie gharama. Hilo tulilikataa papo hapo, kwani katika madhehebu yetu hakiuzwi chochote cha mnyama wa udhiya, na hata mchinjaji halipwi ujira wake kutoka humo. Mwingine akasema sanduku la msikiti. Mwenyekiti akauliza kama waliotia sadaka ya kujenga vyoo walikusudia kununua mitambo ya nyama. Tukachangishana mifukoni, watu saba. Tulitoa kwa ukimya. Kila mmoja alijua kuwa analipia kosa.

Kidhibiti chenyewe ni kidogo, kinaingia kiganjani, kina namba nyekundu juu na za kijani chini. Nyekundu ni joto lililopo, kijani ni joto linalotakiwa. Tofauti yake na thamostati tulieleweshwa kwa mfano wa mama anayepika wali wa kupalia. Mama huyo hangoji wali uungue ndipo atoe makaa. Hutazama mambo matatu kwa pamoja: umebaki umbali gani kufika anapotaka, umekaa muda gani bila kufika, na mvuke unaongezeka kwa kasi gani. Akiona unakwenda kasi huondoa makaa mapema. Akiona umechelewa muda mrefu huongeza kaa moja. Kidhibiti hufanya hesabu hizo tatu bila kuchoka, na badala ya kuwasha na kuzima kabisa, huipa koili umeme kwa vipande vya sekunde: sasa nusu ya muda, sasa robo, sasa sehemu ya kumi. Tena hujifunza. Ukikibonyeza kijipime, hupandisha joto kupita lengo, hulishusha, hulipandisha tena mara kadhaa, kisha huweka mizani yake kulingana na kabati lako. Mzee alisisitiza kipimo hicho kifanywe kukiwa na mzigo ndani, kwa kuwa kabati tupu na kabati lenye kilo 20 za nyama yenye maji ni makabati mawili. Tulitumia matambara yaliyolowa.

Umeme wa koili haupiti ndani ya kidhibiti. Kidhibiti hutoa amri ndogo tu kwa rilei, swichi isiyo na sehemu inayotembea, nayo ndiyo hufungulia volti 230 na ampea sita na nusu za koili. Rilei hiyo hupata moto inapofanya kazi, hivyo hufungwa juu ya kipande cha alumini chenye mapezi, nje ya kabati, mahali penye hewa. Hapa mzee alitufundisha jambo lililotutia hofu. Rilei za aina hiyo zikiharibika, mara nyingi huharibika zikiwa wazi, yaani koili hubaki inawaka moja kwa moja na kidhibiti hakina la kufanya. Kwa hiyo hakuitupa thamostati ya zamani. Aliiacha kwenye njia ya umeme, akaizungusha hadi 150, iwe mlinzi: mkubwa mpya akishindwa, mzee wa zamani akate. Akaunga na waya wa ethi kwenye bati, ambao fundi wa madirisha hakuuweka. Tumekuwa tukiligusa kabati lile kwa mikono yenye maji kwa Idd nzima.

Tulipowasha mara ya kwanza, namba nyekundu ilianza 29, kisha 27, kisha 22. Kabati linapata moto na namba inashuka! Kijana mmoja akasema tumeuziwa kifaa kibovu. Mzee akacheka, akageuza waya mbili za kihisio. Kihisio hicho, themokapo, ni waya mbili za madini tofauti zilizounganishwa nchani, na zina upande wa kujumlisha na wa kutoa; ukizibadilisha hesabu huenda kinyume. Kisha akatuagiza sufuria. Maji ya barafu yakasoma 1. Maji yanayochemka yakasoma 99, nasi hapa Tanga tuko usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye 100. Akaridhika. Ncha ya kihisio ikafungwa rafu ya tatu, nyama ilipo, mbali na koili, na bati la kutawanya joto likawekwa juu ya koili. Rafu ya juu na ya chini zikatofautiana nyuzi sita tu. Kati ya mikanda ya nyama tuliamua kuchoma kipimajoto cha sindano, kwa sababu joto la hewa ni jambo moja na joto la ndani ya nyama ni jingine.

Tulidhani tumemaliza, kumbe moshi ukatoweka. Zamani koili ilikuwa inawaka kwa nguvu zake zote, na vipande vya mwembe juu yake vikaungua. Sasa koili ilipewa umeme kidogo kidogo, nazo kuni zikakaa pale zikikauka tu. Usahihi wa joto ulitunyima moshi. Dawa yake tuliipata kwa mama ntilie wa jirani: chungu kidogo chenye makaa matatu na vipande vya mpera, kikiwekwa pembeni chini, na kutiwa kuni mpya kila saa. Kidhibiti kinaona joto la makaa na kupunguza la umeme chenyewe. Mpera, kwa maoni yetu, una harufu nzuri kuliko mwembe, ingawa wajumbe wawili hawakubaliani nasi mpaka leo.

Hayo yote tumeyaeleza kwa urefu kwa sababu yanaelezeka kwa urahisi. Lililo gumu ni wiki tatu zilizopita kati ya bibi yule na siku tuliposema mbele ya watu.

Waliochinjiwa walikuwa watu 11. Kila mmoja alikuwa ametukabidhi mnyama wake akijua fungu lake limefika kwa mzee fulani. Katika kamati palikuwa na kauli kwamba udhiya yao imekwisha kusihi kwa kuchinja na kwa nia, na kwamba mafukara wa mjini walipata mbichi, kwa hiyo hakuna lililobatilika. Kauli hiyo ni sahihi, nasi tuliosoma chuo cha Kiislamu tuliitolea ushahidi wa kifiqhi haraka sana, kwa ufasaha wa kutosha kujifurahisha. Mwenyekiti akasema, "Katibu, nyama imeoza, haki ya mtu haikuoza. Tutengeneze kabati, tunyamaze." Tukanyamaza. Ijumaa ya kwanza tukasoma matangazo ya madrasa. Ijumaa ya pili tukasoma ya maji. Daftari lilikuwa mezani, na kila tulipolifungua kuandika jambo jingine, ukurasa ule ulikuwepo: imekaguliwa. Neno hilo hatukulazimishwa na mtu kuliandika. Tulikuwa tumeitazama swichi, na tukaliita tendo hilo ukaguzi.

Ijumaa ya tatu tulimwomba imamu kipaza sauti baada ya swala. Tulisema kilo ngapi, kwa nani, na kwa kosa gani, na kwamba fungu la vijijini la mwaka ule halikuliwa. Tukasema pia kuwa namba iliyoandikwa katika daftari haikuwa imepimwa. Msikiti ulikuwa kimya. Mzee mmoja akasema nyuma, "Allah awalipe kwa kusema." Mfanyabiashara mmoja wa sokoni akasimama, akauliza kwa nini amesubirishwa wiki tatu, na hatukuwa na jibu. Mwaka uliofuata watu tisa walitukabidhi wanyama, si 11. Wawili walipeleka kwingine, na hatuwalaumu.

Idd ya 1446 tulikesha na kabati. Mikanda ya nyama haikuzidi unene wa kidole kidogo, rafu nne, kilo 22. Kijani kiliwekwa 110. Sindano ilipofika 71 katika mkanda mnene kuliko yote, tukashusha hadi 60. Namba nyekundu ikakaa 60, 61, 60, 59, 60. Tuliandika kila nusu saa, na tunakiri tulifurahi kuiandika namba ile ile mara nyingi hivyo. Saa nane usiku umeme ukakatika.

Tulizuia watu wasifungue mlango. Dakika 50 baadaye umeme uliporudi, kidhibiti kiliwaka chenyewe na kusoma 47. Palikuwa na ubishi mfupi gizani. Mmoja akasema nyama imekwisha kupita 71, dakika 50 si kitu. Huenda alisema kweli. Lakini tulikuwa na daftari, na kila mtu pale aliona kalamu inangoja iandike nini. Tukarudisha 110 mpaka sindano ikasoma 71 tena, tukaanza kukausha upya, na adhana ya alfajiri ikatukuta hapo tukinuka moshi wa mpera. Mikanda ya rafu ya chini ikawa migumu kama mkanda wa kiatu.

Fungu la bibi tulilipeleka wenyewe. Alikuta tumeandika juu ya karatasi tarehe, joto na saa, akaliweka pembeni bila kulisoma, akakata kipande kwa kisu, akakitafuna muda mrefu akiwa amefumba macho. Siku ya kumi na mbili alituma salamu kwa dereva wa gari la Muheza: nyama ingalipo na haina neno, ila Ustadhi apunguze chumvi.

Imeandikwa katika daftari kwa ajili ya mwaka huu. Chumvi gramu 20 kwa kilo, badala ya 30.